Matanga Yaliyoanzia Maktaba

Mpaka leo kuna watu wa Waithaka ambao nikiwaona kwa mbali navuka barabara, si kwa ugomvi, la, ni kwa kuwa waliwahi kuniletea sukari, majani ya chai na pole nyingi kwa msiba ambao nilishindwa kuueleza, na aibu yake nimeibeba tangu miaka ile ya mwanzo ya uhuru mpaka sasa nina mvi. Nawasimulia nyinyi kwa sababu msipousikia kwangu mtausikia kwa Mutua, na Mutua huongeza chumvi.

Mutua na mimi tulikuwa makarani katika ofisi moja mjini, yeye Mkamba wa Machakos, mimi Mluhya, sote tumepanga Waithaka, na kila saa ya chai mchezo wake ulikuwa kutaja babu zake mmoja baada ya mwingine kurudi nyuma mpaka chai inapoa, halafu ananigeukia, "Haya Barasa, leta yako." Mimi nilikuwa nakwama kwa babu wa pili (baba alifariki nikiwa mdogo, na hayo ndiyo mambo ambayo baba humfundisha mtoto). Nikaona dawa ni maktaba. Kila Jumamosi nikitoka kazini nilikuwa naketi pale mjini na vitabu vilivyoandikwa na wamishonari kuhusu watu wa magharibi, na vilikuwa na habari nyingi za ndege, za mvua na za mishale, lakini ukoo wangu hakuna mmishonari aliyekuwa na haja nao.

Sasa mwezi huo Kukhu, nyanya yangu mzaa baba, alikuwa amekuja kukaa kwangu ili atibiwe macho, na hapo ndipo nikafanya uamuzi mdogo ambao hata haukuonekana kuwa uamuzi: kwamba badala ya kumuuliza mambo nyumbani halafu nikayatafute vitabuni, nimchukue tu niende naye, nikisoma jina yeye aseme ni la kwetu au si la kwetu, kazi iishe mara moja.

Nilipaswa kujua mambo yameharibika tangu mlangoni. Kukhu hawezi kuingia mahali penye watu akaketi bila kuwasalimu, kwa hiyo alizunguka meza zote akitoa mkono, kwa Wahindi, kwa Wazungu, kwa wanafunzi wa mitihani, kila mmoja akiulizwa kama watoto hawajambo, huku mama mtunza vitabu akitutazama juu ya miwani yake.

"Kukhu," nikamnong'oneza, "hapa watu hawasalimiani."

"Kwani wamegombana?"

Nikamketisha, nikaleta kitabu cha historia ya nchi chenye picha, angalau atulie. Akawa anafungua kurasa polepole, mpaka akafika kwenye picha ya wapagazi, wale waliochukuliwa na serikali kwenda Tanganyika kubeba mizigo ya vita, ile vita ya kwanza ya Mwingereza na Mjerumani. Wamesimama mstari, kila uso mdogo kama punje ya mahindi. Kukhu (ambaye asubuhi hiyo hiyo alikuwa amesalimia koti langu lililoning'inia ukutani) akaweka kidole juu ya mtu wa mwisho, aliyesimama kwa mguu mmoja, mkono nyuma ya shingo.

"Huyu ni Makokha," akasema. "Ndugu yangu. Hivyo ndivyo alivyokuwa anasimama akichunga."

Nilikuwa najua kwamba Kukhu aliwahi kuwa na kaka aliyechukuliwa. Zaidi ya hapo nyumbani hayakuzungumzwa.

"Hapo chini wameandika nini?"

Ningemwambia wameandika ni wapagazi, tungerudi nyumbani tukanywa chai yetu. Lakini mimi karani mzima, mwenye Kiingereza changu, nitaachaje maneno nusu? Nikamtafsiria yote: "Wameandika wengi wa watu hawa walifia huko."

Kukhu akafunga kitabu. Kisha akasimama, akafunga leso kiunoni, akaweka mikono kichwani, na sauti iliyotoka humo sijawahi kuisikia tena. "Uuuwi! Makokha wee! Makokha wa mama!" Kwetu anayelia haketi, hutembea, kwa hiyo akashika njia katikati ya rafu za vitabu, anakwenda mpaka dirishani, anageuka, anarudi. Mwanafunzi mmoja akaangusha wino. Bwana mmoja wa tai, mtu wa kwetu ambaye hata simjui, akaweka gazeti chini, akavua kofia, akamfuata nyuma naye akilia (kwetu mama haachwi alie peke yake, kwa hiyo bwana huyo hakuwa na budi). Mama mtunza vitabu akaja mbio.

"Nini hii? Nani amekufa?"

Na mimi, kwa kutaka yaishe haraka, nikajibu, "Babu yangu." Si uongo. Ndugu wa nyanya yangu ni babu yangu.

Uso wake ukalegea, akamshika Kukhu bega, akatupeleka ofisini kwake na kuagiza chai. Kumbe Mutua naye alikuwa chumba cha magazeti. Alichungulia, akasikia hilo neno moja, na kabla sijatoka nje kumweleza, alikuwa ameshapanda basi kwenda kupeleka habari.

Tulipofika Waithaka jioni, ile ploti yetu ya vyumba vya kupanga ilikuwa imejaa watu. Mabenchi yametolewa kanisani, moto umewashwa uani, akina mama wa kwaya wamevaa sare, na mwenye nyumba wangu, ambaye siku zote alikuwa ananinunia, amenishika mkono kwa mikono miwili. Mkubwa wetu wa ofisi, ambaye Mutua alishampigia simu, alikuwa ametuma dereva kutoka kwake Kitisuru na gunia la unga na ujumbe kwamba nipumzike wiki nzima. Nikasema nitawaeleza wakimaliza wimbo. Wakaanza mwingine.

Halafu Mzee Joramu, mzee wa kanisa, akaomba utulivu, tupange safari. "Barasa, mwili uko wapi?"

"Tanganyika," nikasema.

Watu wakaguna kwa huruma. Mutua akasimama pale pale. "Hiyo si shida. Binamu yangu iko na lori ya makaa, nimemwita, ako njiani. Tutapita Namanga." Mwingine akasema kupitia Taveta ni karibu, wakabishana njia, wakabishana turubai, na mimi nimekaa katikati jasho linanitoka, mpaka Mzee Joramu akauliza kwa upole, "Na alikuwa mgonjwa siku nyingi?"

"Hapana, mzee. Alifia vitani."

"Vita gani sasa? Si nchi imetulia?"

"Ile ya Mjerumani." Nikatazama moto. "Ile ya kwanza."

Lori lilisikika likipiga honi barabarani.

"Barasa," Mutua akasema, "unataka kuniambia binamu yangu ametoka mpaka Machakos, na lori tupu, juu ya mtu alikufa hata baba yangu hajaoa?" Mtu mmoja nyuma akaanza kucheka, wa pili akafuata, mama mmoja wa kwaya akachukua sufuria yake. Nilitamani ardhi ipasuke.

Kukhu akatoka ndani. Hakupaza sauti.

"Siku waliyomchukua, nilikimbia nyuma yake mpaka mtoni. Mama alitukataza kulia. Alisema ukimlilia mtu aliye hai unamuua. Tukangoja aje mtu na habari, hakuja. Mama aliendelea kumwekea chakula kila jioni mpaka yeye mwenyewe akafa. Mimi nimezeeka sijamlilia ndugu yangu. Leo mjukuu wangu ndiye ameniletea habari." Akatutazama. "Mkitaka kwenda, nendeni. Lakini moto mniachie."

Aliyekuwa anacheka aliacha. Yule mama akarudisha sufuria mahali pake. Mimi nilikuwa nimeinamisha kichwa, na sasa nilikuwa na aibu ya aina nyingine, kwamba nilikuwa natafuta majina ya kumshinda Mutua nayo saa ya chai.

Mutua ndiye aliyesogea kwanza, akaketi chini karibu na Kukhu.

"Nyanya," akasema, "wa kwetu pia alichukuliwa. Anaitwa Nzioka. Naweza kumlilia hapa hapa, ama mpaka nilete picha?"

"Mlilie," Kukhu akamwambia.

Basi akalia, Mutua yule. Halafu Mzee Joramu akataja wa kwao, na mwenye nyumba wangu, Mkikuyu, akataja wa kwao, na mtu wa lori akazima injini akaja kuuliza nani amefariki, na hakuna aliyejua aanzie wapi kumjibu.