Mwenyekiti Ndani ya Flopi

Dada wa steshenari pale Nachingwea hakuruhusu kiatu kivuke mlango wake. Vumbi jekundu, alisema, linaua kompyuta kuliko virusi. Ndiyo maana wakubwa wote tuliwajua kwa matundu ya soksi zao. Flopi, ile diski ya kubebea kazi, aliipuliza kama uji wa moto kabla ya kuichomeka, na kila kazi yenye picha aliipokea kwa guno, maana flopi ina tumbo dogo.

Siku hiyo mwenyekiti wa kamati ya shule moja ya kule Ruangwa alileta kijitabu cha mahafali: picha yake ukurasa mzima, na ya Bibi Sikudhani, mpishi anayestaafu, kubwa kama kiberiti. Flopi ikagoma.

"Punguza ubora wa huyo mpishi," mwenyekiti aliamuru, kidole gumba kikichungulia soksini.

"Picha ikishashushwa ubora na kuhifadhiwa hairudi, mzee."

"We shusha!"

Dada akaguna, akabofya mara mbili, akahifadhi. Flopi ikameza yote. Karatasi ilipotoka, ungeweza kuhesabu mikunjo ya uso wa Bibi Sikudhani. Mwenyekiti wa pichani alikuwa ukuta wa matofali uliovaa tai. Mwenyewe akafungua mdomo. Dada akanyoosha kidole mlangoni.

"Imetosha, mzee. Viatu vyako vile pale."