Mbegu za Mama Pelageya

Tarehe 14 Juni 1969, katika daftari la chama cha bustani cha mji wa Kungur, chini ya milima ya Ural, Taisia Lukinichna Berestova aliandikwa kuwa mwenye kiwanja namba 37: mita za mraba mia sita, udongo wa mfinyanzi, hakuna maji. Alikuwa na miaka thelathini na mmoja, akiunganisha simu za watu pale posta, na hakujua lolote kuhusu nyanya isipokuwa kuzila.

Aliyemfundisha ni mama mkwe wake, Pelageya, aliyehamia kwao majira ya baridi yaliyofuata akiwa na sanduku moja la nguo na bahasha moja. Ndani ya bahasha mlikuwa na mbegu zilizokauka zikagandia kipande cha gazeti. Kungur majira ya joto ni mafupi, na anayesubiri udongo upate moto ndipo apande mbegu ataishia kuvuna majani. Kwa hiyo nyanya huzaliwa ndani ya nyumba mwezi Februari, theluji ikiwa magotini huko nje, na huishi dirishani pamoja na watu mpaka Juni.

Pelageya alizifunga mbegu katika kitambaa chenye unyevu, akakizungushia nailoni, akamkabidhi mkwewe.

"Weka hapo," alisema, akimwonyesha kifuani.

"Hapo wapi, mama?"

"Kwenye sidiria, pengine wapi? Kuku anakalia mayai yake, na wewe zikalie hizi. Siku tatu. Na usicheke ovyo, utanimwagia."

Taisia alikwenda nazo kazini akiona haya. Adhuhuri akagundua kwamba kati ya wanawake tisa waliokaa mbele ya mitambo ya simu, watano walikuwa wameatamia. Msimamizi wao, mwanamume mnene asiye na bustani, alikuwa akipita nyuma ya viti akiuliza ni nani atakayetotoa kwanza.

Ndivyo ilivyokuwa kila mwaka. Mbegu zikishapasuka na kutoa mkia mweupe, zilihamia kwenye pakiti za maziwa zilizokatwa nusu, nazo pakiti zikajaa dirishani, kisha juu ya meza, kisha juu ya kabati. Mumewe, Gennady, alizoea kunywa chai amesimama. Pazia halikufungwa tangu Machi mpaka Mei, na majirani wa jengo la mbele walijua Gennady anavaa fulana gani za kulalia. Mei ilipofika, treni ya Jumamosi asubuhi kuelekea bustanini ilikuwa msitu unaotembea. Watu walisimama ili miche ikae. Mwanamume aliyethubutu kusogeza sanduku la mtu kwa mguu alisemwa na behewa zima mpaka kituo cha mwisho.

Nyanya yenyewe ilikuwa ya rangi ya waridi, kubwa kuliko ngumi, mabega yamepasukapasuka, na ngozi nyembamba kiasi kwamba huwezi kuisafirisha hata kilomita mbili bila kuiponda. Haikufaa kwa soko. Ilifaa kuliwa palepale, mwezi Agosti, na chumvi na mkate mweusi, mchuzi ukichuruzika mpaka kwenye viwiko. Haikuwa na jina dukani. Nyumbani waliiita Pelageya, hata kabla mwenye jina hajafa, na mwenyewe hakuchukia. "Basi mkinila msiniwekee sukari," alikuwa akisema.

Pelageya alifariki mwaka 1983, Gennady akafuata mwaka 2004. Taisia alibaki na mbegu. Kila Agosti alichagua nyanya mbili za kwanza kuiva, akazikamua kwenye glasi, akaziacha zichachuke siku tatu, akaosha, akaanika kwenye gazeti. Mpaka kiangazi cha mwaka 2008, mvua iliponyesha wiki tano mfululizo na ukungu ukaozesha kila tunda likiwa bado kijani. Mwaka ule hakupata mbegu mpya hata moja.

Zilibaki za zamani, arobaini na tatu. Alizihesabu kwa ncha ya sindano katika wiki ya mwisho ya Februari 2009, kisha, kwa kuwa zilikuwa kuukuu na hakuamini kama nusu yake zingeota, akaziloweka zote. Hapo ndipo alipokosea mara ya kwanza. Mara ya pili ilikuwa usiku uleule: alikuwa na kikohozi, amejibandika karatasi za haradali kifuani kama dawa, na haradali ingeziunguza. Akaweka kitambaa kwenye kisahani, kisahani juu ya bomba la kupashia nyumba joto. Kumbe nje kipimo kilishuka mpaka nyuzi thelathini na nne chini ya sifuri, na watu wa tanuri la mtaa wakaongeza moto. Asubuhi kitambaa kilikuwa kikavu kama karatasi. Mbegu zilikuwa za kahawia. Alipoibonyeza moja kwa ukucha, ilipasuka kama mbegu ya ufuta kikaangoni.

Alimpigia simu mwanawe, Vadim, aliyekuwa akiishi Perm.

"Mama, nyanya ni nyanya," Vadim alisema. "Nitakuletea pakiti kumi. Zina picha na kila kitu."

"Picha nitaila?"

"Sasa unataka nifanye nini?"

"Bibi yako alizificha kwenye upindo wa koti wakati wa vita, watu wanakula maganda ya viazi. Hakuzila. Mimi nimezikaanga."

Vadim akauliza: "Hukuwahi kumgawia mtu?"

Aliwahi. Na hilo ndilo lililomfanya akae jikoni mpaka chai ikapoa.

Mwezi Mei 1991 alimpa miche kumi na miwili Rimma Avdeevna Zotova, mwenye kiwanja namba 38, rafiki yake wa miaka ishirini. Sasa, miche haishukuriwi. Kila mtu Kungur anajua. Anayepewa huichukua, husema "haya", huondoka zake. Akishukuru, mche unakufa. Rimma alijua vizuri kama wengine, lakini siku ile alikuwa na furaha, na pale getini, mbele ya watu, neno likamtoka, pamoja na jina la mkato alilozoea kumwita Taisia: "Asante sana, Taya wangu!" Alfajiri ya tarehe 9 Juni jalidi ilianguka, umande ukaganda juu ya majani. Miche ya Rimma ilipona. Ya Taisia, yote hamsini, ililala chini ikiwa nyeusi kama majani ya chai yaliyokwisha kuchemshwa, na mwaka uliofuata ilibidi aanze upya kwa mbegu za akiba.

Taisia alimwambia Rimma, kituoni, watu wakisikia, kwamba ameshukuru kwa makusudi. Kwamba amechukua uhai wa miche yake akauhamishia kwake. Rimma alimjibu kwamba ana wivu na akili ya kuku. Tangu siku hiyo, miaka kumi na saba, walikuwa wakisalimiana kwa kichwa juu ya ua wa mbao, basi.

Taisia alikohoa siku nne zaidi. Siku ya tano alivaa viatu vya sufu, akajifunga shali mbili, akavuka daraja la mto Sylva kwa miguu mpaka nyumba ya mbao ya Rimma.

Rimma alifungua mlango, akamtazama juu mpaka chini.

"Nani amekufa?"

"Hakuna aliyekufa."

"Basi ingia, unanipotezea joto."

Walikaa. Rimma alimimina chai, akasukuma mbele pai ya kabichi, hakuuliza kitu. Taisia alikuwa ameyapanga maneno yake daraja zima, akianza na habari za ukungu. Yalipofika mdomoni yalikuwa mengine.

"Rimma, usiku ule wa jalidi sikuwepo. Tulikwenda Perm, kwenye harusi ya mpwa wa Gennady. Kibanda cha nailoni cha miche nilikiacha wazi mlango na madirisha, kwa sababu mchana kulikuwa na joto. Nilisahau. Siyo asante yako."

"Najua."

"Unajua nini?"

"Najua kilikuwa wazi. Saa tisa alfajiri niliamka, nikafunika yangu kwa makoti ya mume wangu Zotov, nikakimbilia kwako. Nilipofika ilikwisha kuwa nyeupe. Nikafunga mlango hivyohivyo, sijui kwa nini. Mtu akishakufa watu humfumba macho, sivyo?"

Taisia alishika kikombe kwa mikono miwili. "Mbona hukusema?"

"Wewe ulinipa nafasi? Kituo kizima kinanitazama kama mchawi. Na mimi nina kinywa, Taya, lakini nina kiburi pia. Kula pai."

Alikula. Kisha akasimulia kuhusu bomba na kisahani, na alipofika kwenye ufuta Rimma alicheka mpaka akajifuta macho kwa aproni.

"Miaka arobaini unaotesha mbegu, shoga, halafu unazipika!"

"Cheka, cheka. Unazo au huna?"

Rimma aliinuka, akasogeza pazia la chumba cha pili. Dirishani palikuwa na sanduku la mbao lenye udongo mweusi, na juu yake miche midogo katika mistari mitatu, kila mmoja na majani yake mawili ya kwanza, shina la zambarau lenye vinyweleo. Kwenye kijiti kilichochomekwa pembeni alikuwa ameandika kwa penseli: Taya.

"Kila mwaka?" Taisia aliuliza.

"Kila mwaka. Ni nyanya mbaya, inapasuka, huwezi hata kumpelekea daktari kama zawadi. Lakini nyingine yenye ladha ile sijaipata." Alihesabu kwa kidole bila kugusa. "Thelathini na mmoja. Kumi na mitano yako. Leo huondoki nayo, kwenye baridi hii itaganda kabla hujafika darajani."

Taisia aliinama karibu na sanduku. Alisugua jani moja kidogo kati ya vidole viwili, akavinusa vidole, Rimma akijifanya anapanga vijiko.

Jumapili, saa nne asubuhi, Taisia atavuka tena daraja, na wataihamisha miche, kila mche kwenye kikombe chake.