Mwenyekiti Aliyemkatisha Ghati Sala

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, Jumamosi, Revocatus Machage amesimama mlangoni kwake Bweri, mjini Musoma, macho njiani. Sebuleni amepanga viti kumi na tisa na kuwasha mishumaa miwili. Waliofika ni sifuri.

Leo ni zamu yake kupokea jumuiya ndogo ya Kikristo anayoiongoza. Tena leo mkewe, Selestina, anatimiza mwaka tangu afariki. "Nilijua kwa ajili yake watakuja," anasema. "Hata wawili tu."

Revocatus, miaka hamsini na nane, ni fundi mwashi mzaliwa wa Butiama. Ameacha kibarua cha shilingi elfu ishirini na tano huko Buhare ili akae na wageni hao.

Kwenye saiti ya ujenzi anaogopwa na kuheshimiwa. Akisema bomoa, hakuna wa kuuliza kwa nini. "Saiti inatakaga sauti moja," anasema. "Wakiamua watu watano, ukuta unapinda."

Basi alipochaguliwa mwenyekiti miaka minne iliyopita, akaihamishia saiti nzima kwenye jumuiya. Msomaji alimpanga yeye, wimbo yeye, hata nani akae wapi. Aliyechelewa alisalia nje. Mambo yalinyooka, jamani, hilo hakuna anayelikataa.

Yakaharibika Machi mwaka huu. Ghati Mniko, muuza dagaa, alikuwa akimwombea mwanawe aliyelazwa, huku analia. Sala ikarefuka. Revocatus akatazama saa, akatamka kwa nguvu, "Amina!" Ghati alikuwa bado hajamaliza.

"Nilinyamaza hapo hapo," anasema Ghati, jirani wa nyumba ya tatu. Mwanawe alipona. "Ila sikurudi tena. Naongea na Mungu wangu, mtu ananiangalizia saa! Na wenzangu wakaona, ee, kesho ni sisi."

Wakaondoka mmoja mmoja, bila ugomvi. Njiani wanamsalimia vizuri tu: "Habari za asubuhi, mwenyekiti." Masikini, hiyo ndiyo inayomuuma zaidi.

"Ningegombezwa ningejua pa kuanzia," anasema. "Mke wangu alikuwaga ananiambia, baba, punguza ukali, hao si vibarua wako. Nikamjibu, mambo ya uongozi huyajui." Anainamisha kichwa na machozi yanamtoka.

Saa mbili anazima mishumaa, anakwenda kwa Ghati. Anamkuta anaanika dagaa uani.

"Mama, nisamehe. Nilikukatisha mbele za Mungu."

"Umechelewa, mzee."

"Najua."

Ghati anaendelea kutandaza dagaa. Hamkaribishi kiti, wala hamfukuzi. Revocatus anabaki amesimama juani, kofia mkononi.

Uenyekiti anaurudisha, anasema. Wachague wamtakaye, au waongoze kwa zamu, yote sawa. Amebaki na ombi moja.

"Mtu amwombee Selestina," anasema. "Hata saa nzima. Mimi nitakaa chini nimsikilize."