Mama mkwe amefunga furushi lake kwa sababu ya mahindi niliyoyachanganya

Korogwe, Alhamisi.

Kwako dada wa ukurasa huu, habari za kazi. Naomba uwafikishie wenzangu kisa hiki na jina langu ulifiche, maana ndugu wa mume wangu nao wanakusoma.

Mimi ni mjane, nina miaka arobaini na minne. Naishi Kwamndolwa na mama mkwe wangu, ambaye hatembei tangu alipoanguka akavunjika nyonga kwao Misima. Mume wangu ndiye aliyemleta kwetu. Nakumbuka siku ile bajaji ilishindwa matope ikaishia barabarani, akambeba mama yake mgongoni hadi mlangoni, na mama anamwambia, "Taratibu baba, mimi si gunia la mkaa." Tulicheka wote watatu. Sasa mume wangu hayupo. Aliugua muda mfupi tu, akafariki, tukabaki wawili, mimi Msambaa na yeye Mzigua. Jioni yeye na mume wangu walikuwa wanapiga soga kwa Kizigua. Mimi nakisikia kidogo, kujibu ndiyo kazi.

Asubuhi nauza uji na vitumbua karibu na stendi, narudi saa sita. Kitanda chake nimekisogeza dirishani awaone wapita njia. Nimemfungia kamba kutoka kitandani hadi mlangoni ya kujishikilia, ndoo ya haja iko karibu, na jirani huchungulia mara kwa mara. Lakini mama amelima maisha yake yote, kukaa bure hawezi. Mume wangu alikuwa akileta mahindi ya Misima kwa magunia, mama anapukuchua kutwa nzima huku anaimba. Baada ya msiba magunia hayakuja tena. Hapo ndipo mama alipoanza kuhangaika. Anajiburuza kwa makalio hadi jikoni nje, anatafuta cha kufanya. Siku moja nilimkuta kakaa kando ya jiko, pindo la kanga limeshaungua, na yeye hana habari. Nilimvuta kando, nikalimwagia pindo maji.

Nikafikiri, nikapata njia. Nilinunua mahindi na maharage ya makande, nikayachanganya kwenye ungo, nikamwambia, "Mama, yamenimwagikia, nisaidie kuyatenganisha." Alifurahi jamani! Nilirudi mchana nikakuta mahindi huku, maharage kule, na yeye katulia kitandani. Ananitania, "Mke wa mwanangu, mwezi ukiisha unilipe kanga." Basi jioni nikienda jikoni nayachanganya tena, asubuhi nampelekea, nasema ni mengine, nimeyanunua sokoni yakiwa yamechanganyika. Tukaenda hivyo muda mrefu. Hakujiburuza tena, chakula anakula, usingizi anapata. Niliona Mungu amenisaidia.

Wiki iliyopita nimerudi, nikakuta ungo uko chini haujaguswa. Mama akaniuliza polepole, "Siku ya kwanza nilitoa vijiwe humu, na punje zilizoliwa na mdudu dumuzi. Tangu hapo sijaona jiwe hata moja. Mahindi gani hayo ya sokoni?"

Nikainama kuuokota ungo.

"Ni yaleyale?"

Nikasema, "Ni yaleyale, mama. Nilitaka usichoke kukaa."

Akageukia dirishani. "Kumbe mimi ni kuku, natawanyiwa punje nisitoroke uani."

Wapendwa, angenipiga ningeona nafuu. Tangu siku hiyo hasemi nami zaidi ya kuitikia shikamoo. Amefunga kanga zake kwenye furushi, analipakata mapajani kutwa, anasema arudishwe Misima kwenye nyumba yake. Nyumba yenyewe haina mtu.

Wifi yangu alipopata habari alikuja mbio. Hakukaa hata kwenye kiti. "Wifi, mama yetu umemfanya mtoto wa chekechea! Jumamosi nakuja na gari, namchukua Misima, nikakae naye nyumbani kwake."

Nikamwambia, "Sawa wifi, lakini wewe unaamkia shamba na kurudi jioni. Utamwacha na nani?"

"Nitamwacha na Mungu."

"Na jiko?"

"Nitafunga mlango."

Mama alikuwa anasikia yote. Alilivuta furushi karibu na tumbo.

Tangu hapo sina utulivu. Nikiwa kwenye biashara, uji unaungulia, nafikiria mlango uliofungwa na yeye ndani. Kisha najiuliza, na mimi nilichomfanyia si mlango wa namna yake? Na kuna jambo naona haya kulisema. Mama akiondoka, nitakuwa sina mtu wa kumkumbuka mume wangu pamoja naye. Kwa hiyo sijui kama namzuia kwa ajili yake au kwa ajili yangu.

Leo asubuhi nilinunua maharage ya chakula chetu, sikuyachanganya na kitu. Nikayaweka kwenye ungo pembeni yake, nikasema, "Mama, haya hayajachambuliwa. Nikikuta yamechambuliwa tutakula, nikikuta bado nitachambua mwenyewe." Hakuniangalia. Niliporudi saa sita, maharage yalikuwa yameshachambuliwa na ungo umefunikwa kwa kitambaa. Furushi alikuwa bado kalipakata, na juu yake alikuwa amepanga vijiwe vitatu alivyovitoa kwenye maharage, vimekaa mahali nitakapoviona. Nami niliogopa kuuliza, nikaenda kuinjika chungu.

Keshokutwa ndiyo Jumamosi. Nimwombe mama msamaha mbele ya wifi na nimsihi abaki, au nimwache aende kwao kama anavyotaka? Nishaurini, nifanye nini? Na mnaposali, kila mtu kwa dini yake, mtukumbuke mimi na mama.