Bunduki Arobaini za Polikarpo

Kwa miaka kumi na mmoja Polikarpo Nandonde alilinda ghala la korosho la shirika moja la umma, kando ya barabara ya Pugu, na silaha zake zilikuwa rungu, filimbi na kikohozi. Kikohozi ndicho kilichofanya kazi zaidi. Mwizi akikisikia alijua mlinzi yuko macho, akapita zake kutafuta riziki kwingine.

Kumbe mambo hubadilika. Mwaka wa sabini na nne, mwezi wa Juni, meneja msaidizi aliyeitwa Ndugu Gaspar aliwakusanya walinzi asubuhi wakati wa kupokezana zamu. Akawaambia kwamba shirika limepewa bunduki, na kuanzia Januari mosi langoni atasimama mwenye kibali tu. Asiye na kibali atatafutiwa kazi nyingine, kama ipo. Hilo neno "kama ipo" kila mmoja alilielewa. Mtu asiye na kazi mjini siku zile hakukaa akapata usingizi. Lori lilipita, akapakiwa kwenda kijijini kushika jembe. Polikarpo hakuwa na ugomvi na jembe. Lakini alikuwa na miaka arobaini na sita, watoto wanne walikuwa shuleni pale Temeke, na shamba la baba yake kule Newala kaka zake walishaligawana zamani.

Basi akaanza kukitafuta kibali. Usidhani kilikuwa kitu cha kuomba leo ukapewa kesho. Kwanza ilitakiwa barua ya balozi wa nyumba kumi, kuthibitisha kwamba huna fujo wala hupigi mkeo. Mzee Fakihi, balozi wao, aliiandika kwa mkono wa kutetemeka na akamsifu kupita kiasi. Halafu daktari akampima macho na kifua. Halafu polisi wakamchukua alama za vidole, na hapo askari mwenye wino alinung'unika, maana vidole vya Polikarpo vilikuwa vimelika. Kabla ya ulinzi alikuwa mchonga vinyago, na mpaka wakati huo mchana alikuwa akichonga kidogo nyuma ya nyumba. Msasa ulishamla ngozi. Ilibidi apakwe wino mara tatu.

Karatasi zote hizo, hata hivyo, hazikuwa na maana bila cheti cha mgambo. Miezi mitatu ya kwata, kila siku saa kumi alasiri, kwenye uwanja wa shule, halafu mtihani wa kulenga shabaha. Polikarpo alitoka lindoni asubuhi, akalala mpaka adhana ya adhuhuri, akala alichobakiziwa, akaenda uwanjani. Jioni akarudi lindoni. Rosalia, mkewe, alisema anaishi na viatu vya mtu, mwenyewe hamwoni.

Mkufunzi wao alikuwa Sajini Sadallah, mwanajeshi mstaafu mwenye sauti ya kupasua kuni. Wanafunzi walikuwa arobaini na bunduki za kweli zilikuwa mbili, moja haifyatuki. Walishika fimbo, mipini ya majembe, na mmoja alishika mwavuli. Juma la pili Sajini akapata habari kwamba Polikarpo ni Mmakonde na ni fundi. Akamwita pembeni, akamwonyesha rundo la mbao zilizobaki kwenye ujenzi wa ofisi ya tawi la chama, kando ya uwanja.

"Tuchongee bunduki, Polikarpo," akasema. "Kila mtu na yake. Cheti chako usiwe na wasiwasi nacho, nitakusimamia mwenyewe."

Nani angekataa? Taifa zima lilikuwa linajitolea. Watu walichimba mitaro, walifyatua matofali, walijenga madarasa, na Polikarpo hakuwahi kukosa hata mara moja. Akaketi kwenye kivuli cha ofisi na tezo lake, bunduki ile mbovu ikiwa mbele yake kama kielelezo, akaanza. Na kwa kuwa hakujua kufanya kazi ya ovyo, kila bunduki aliipima kwa kamba, akaitoa kitako, mtutu, kifyatulio na hata pete ya mkanda, akaipiga msasa mpaka ikateleza mkononi. Huku nyuma Sajini aliamrisha kushoto, kulia, nyuma geuka, na Polikarpo alizisikia amri zote mpaka miguu ikawa inajibu yenyewe chini ya kigoda.

Bunduki ya arobaini aliimaliza siku nne kabla ya kufunga mafunzo. Kwenye mkutano wa tawi alishangiliwa na kutajwa kuwa mfano wa moyo wa kujitolea. Siku ya vyeti alivaa shati lake la kanisani, akasimama na wenzake. Majina yakasomwa mpaka la mwisho. Lake halikusomwa.

Alidhani wameliruka. Akamfuata karani wa tawi, kijana mpole aliyeitwa Ansbert, mtu wa Bukoba, ambaye hakuwahi kumpita bila shikamoo. Ansbert akafungua daftari la mahudhurio. Mbele ya jina la Polikarpo palikuwa na alama za vema kwa juma moja na nusu, halafu misalaba mitupu mpaka ukurasa ukaisha.

Polikarpo akamuuliza kama hakumwona pale kivulini kila siku, hatua kumi kutoka kwenye meza yake. Ansbert akakiri kwamba alimwona. Lakini aliagizwa kumtia vema aliyesimama mstarini, na Polikarpo hakusimama mstarini, alikaa. Kuchonga kulikuwa kujitolea, na kujitolea kuliandikwa kwenye daftari jingine, ambalo alimwonyesha. Humo jina lake lilikuwa la kwanza. Sajini Sadallah ndiye angeweza kusema neno, lakini juma lile lile alikuwa amehamishiwa Songea.

Ungekuwa wewe ungepiga meza. Polikarpo alishukuru, akaaga. Hasira ilimjia njiani, karibu na nyumbani, na hata hiyo haikuwa na nguvu. Ilikuwa hasira ya mtu anayetaka kulala. Hakumkasirikia Ansbert. Alijikasirikia mwenyewe, kwa kuwa alipoitwa fundi alifurahi, na furaha ile ilimsahaulisha alichofuata.

Rosalia alimsikiliza mpaka mwisho, mikono yake imejaa unga.

"Mume wangu, mtu yeyote akikuomba unampa," akasema. "Mie nakuomba lango. Nipe hilo tu."

Mafunzo mengine yalianza Oktoba na kuisha Desemba. Hayo yakimpita, Januari haina msamaha. Polikarpo akajiandikisha upya, miguu imevimba, macho mekundu. Safari hii wanafunzi walikuwa themanini, na mkufunzi alikuwa Revelian, kijana ambaye ndevu zake zilikuwa bado zinajaribu kuota. Siku ya tatu Revelian akamwita pembeni. Mbao nyingine zilikuwa zimeshaletwa.

"Mzee, sifa zako tumezisikia," akasema kwa heshima. "Tumepungukiwa bunduki arobaini. Mahudhurio tutakuandikia, usijali."

Aliyeumwa na nyoka akiona ukamba hushtuka. Polikarpo alizitazama zile mbao, na Mungu amsamehe, mikono ilizitamani, maana zilikuwa mbao nzuri, kavu, zisizo na mafundo. Mstari wote ulikuwa umegeuka kumtazama. Katika maisha yake hakuwahi kukataa jambo la umma.

"Afande," akasema, "mie nitasimama mstarini."

Revelian akadhani hakusikiwa, akarudia. Polikarpo naye akarudia, polepole. Minong'ono ikaanza. Mmoja akasema kwa sauti ya kusikika kwamba wazee wengine wanapenda kibali kuliko nchi, na maneno hayo yalimchoma, kwa sababu Polikarpo alihofu huenda ni kweli. Revelian hakubishana naye. Akagawa zile bunduki arobaini, akianza na vijana, na zilipokwisha akawaambia waliobaki wajitafutie.

Polikarpo akajifunza kwata kwa mpini wa ufagio. Alisimama mstari wa nyuma, na mbele yake vijana walipitisha begani bunduki alizozijua moja moja kwa mafundo yake, wengine wakizichomeka kwenye tope na kuegemea. Ilimuuma. Kila siku Ansbert alipita na daftari, akatia vema, na Polikarpo alichungulia kalamu mpaka ilipoinuka. Mkutano wa tawi uliofuata hakutajwa, na kwenye daftari la kujitolea hakuwa na mstari wowote kwa miezi hiyo mitatu.

Siku ya shabaha alipiga risasi tano, akapata tatu, ambazo ndizo zilizotakiwa. Cheti akapewa, na kibali kilitoka Desemba ishirini na nane. Rosalia alikisoma mara mbili, akakiweka chini ya godoro, akaanza kumweleza alivyofurahi. Lakini Polikarpo alikuwa ameshalala, na viatu bado miguuni.