Bi Kufuli na Magodoro Yasiyokuwepo

Mama yangu mkubwa anaitwa Bi Kufuli, na jina hilo hakupewa kwa kuonewa. Kwake sukari hukaa kabatini, kabati lina ufunguo, na ufunguo hukaa kifuani. Ukimsalimia kwa uchangamfu kupita kiasi, anajiuliza umekuja kukopa nini. Nampenda, maana mama alipofariki ni yeye aliyenisuka nywele na kunipeleka shule. Lakini kweli isemwe: mwanamke huyu angeweza kukishuku hata kivuli chake kwamba kinamfuata kwa sababu.

Kazi yake ni kutunza stoo ya kampuni inayouza magodoro kwa jumla. Baba ni dereva hapo hapo, na ni yeye Bi Kufuli aliyemtafutia shemeji yake kazi hiyo. Miaka yote alipokea mzigo kwa macho na kalamu, mpaka bosi alipoleta mfumo wa kompyuta. Sasa lori likifika, anauingiza mzigo kwenye mashine na kubonyeza kitufe cha kupokea. Papo hapo binti wa mauzo kule mbele anaona magodoro yameongezeka, na mhasibu ghorofani naye anaona.

"Watu wanachungulia stoo yangu bila kunyanyuka kitini," alilalamika. "Hiyo siyo kompyuta, huyo ni mmbea."

Haukupita muda, mashine ikaanza kusema magodoro yapo wakati hayapo. Mteja analipa, risiti inatoka, baba anaingia stoo kupakia, anakutana na ukuta mtupu. Bosi akaamuru yahesabiwe. Yakahesabiwa, na pengo lilikuwa kubwa. Na godoro si sindano, useme limedondoka mtu asione.

Bi Kufuli alikuwa na uhakika wa mambo mawili. Kila mzigo aliupokea mwenyewe ukiwa kamili, na mlango wa nyuma una funguo mbili tu, wake na wa baba. Akanyunyiza unga wa ngano mlangoni ili apate nyayo za mwizi. Akazipata kweli, za baba, ambaye kila asubuhi hupita hapo kupakia mizigo ya wateja. Akabadilisha kufuli. Akaacha kumwekea chai. Jumapili akaja kwetu, macho yakizunguka chumba kizima, kisha akainua shuka la kitanda changu akakagua kilicho chini yake.

"Hili mmenunua lini, mwanangu?"

"Si ulininunulia wewe, mama."

Akalirudisha shuka, lakini sikuona dalili ya aibu. Kesho yake akapanda kwa bosi. "Kikulacho ki nguoni mwako," akamwambia, "na changu ni shemeji yangu." Baba akasimamishwa kazi siku hiyo hiyo. Bosi alisema yasipopatikana maelezo, suala linakwenda polisi.

Nilimchukia mama mkubwa, sitafuni maneno. Lakini shaka inaambukiza kama mafua. Baba alikuwa amenunua viatu vipya mwezi ule, na jioni moja nikajikuta navitazama kuliko viatu vinavyopaswa kutazamwa. Akaniona.

"Na wewe?" akauliza.

Akavivua, akavisukuma chini ya kitanda, na kuanzia hapo akawa anatoka na ndala.

Yaliyofuata nimeyapata kwa binti wa mauzo, ambaye hakosi kutia chumvi, lakini hili Bi Kufuli mwenyewe hajalikana. Fundi wa ule mfumo aliitwa. Akavuta kiti, akakaa karibu na Bi Kufuli kumtazama akifanya kazi, naye akamgeuzia bega ili asione anachoandika. Lori lilipofika akahesabu mzigo, akauingiza, akabonyeza. Mtandao ulikuwa mzito siku ile, kioo kikaganda. Akangoja kidogo, akabonyeza tena. Akangoja, akabonyeza tena, midomo ikicheza.

"Mama, mbona unarudia?"

"Haijaitikia."

"Na isipoitikia huwa unarudia hivyo?"

"Mara tatu, kisha naiacha. Kwani kwenu mnapiga hodi mara moja?"

Fundi alianza kucheka, halafu akaacha. Akamweleza taratibu kwamba mashine ilimsikia tangu mara ya kwanza, ilichelewa kujibu tu. Kila alipobonyeza tena, ilidhani lori jingine limefika na mzigo ule ule. Ilipaswa kukataa, akasema, na hilo ni kosa lao wao walioifunga. Lakini hakuna godoro lililoibwa. Yale yanayotafutwa hayajawahi kufika.

Bi Kufuli akaondoa mkono kwenye mashine. Kisha akasema, "Basi nimemwangamiza mtu kwa kidole." Akaomba ruhusa ya kutoka mapema, yeye ambaye hajawahi kumwachia mtu stoo.

Bosi alikuwa ameshampigia baba simu mchana, kumweleza kosa la mashine na kumwambia arudi kazini. Baba alijibu "sawa" na kukata. Jioni tulikuwa sebuleni, redio ikisoma habari, tukasikia mlangoni:

"Hodi."

Sauti tunaijua. Baba akazima redio, lakini hakuitika.

"Hodi humu ndani."

Nikataka kuinuka. Akanionyesha kwa mkono nikae. Moyo ulikuwa unaniuma, na sikujua unamuumia nani kati yao wawili.

Hodi ya tatu ilitoka ndogo, nusura tusiisikie. Mwenye adabu akikosa jibu mara ya tatu huondoka, na Bi Kufuli, pamoja na yote, ni mtu wa adabu. Tukasikia viatu vyake vikigeuka kwenye kokoto.

"Shemeji," baba akaita, si kwa sauti kubwa. "Ya kwanza niliisikia."

Viatu vikasimama. Baba akaiacha redio, akaenda kufungua mwenyewe.