Shada la Maiti Mlangoni Kwetu

Jumapili asubuhi tulikuta shada la makaburini limetundikwa mlangoni, na kwetu hakuna aliyekufa.

Utepe mweusi uliandikwa: "Pole, Alwin. Msitu wako marehemu."

Alwin ni baba yangu, bwana misitu wa kijiji chetu, hapa Schwarzwald, kusini mwa Ujerumani.

Kosa lake lilikuwa neno moja tu.

Mabwana misitu wa zamani walikuwa na neno Tannensterben, yaani kufa kwa misonobari. Lakini miaka ile ya themanini moshi wa viwanda ulikuwa unaturudia na mvua, na miti ya kila aina ikaanza kukauka. Msonobari peke yake haukutosha tena. Wenzake Baba wakauondoa kwenye neno, wakaweka Wald, msitu mzima.

Waldsterben. Kifo cha msitu.

Baba akalitamka mbele ya mwandishi wa gazeti. Basi, kikanuka.

Wageni wakaghairi kuja. Vyumba alivyokodisha Mama, ndivyo vilivyotulisha, vikabaki vitupu.

"Waambie ni ukame," Mama alimbembeleza.

"Roswitha, niisingizie mbingu?"

"Sisi tutakula nini, Alwin? Magome?"

Baba alikataa kuliondoa shada. Watu wakawa wanapita kuchungulia na kucheka. Mimi nilitamani ardhi inimeze.

Katikati ya wiki akaja Bi Kreszentia, msuka mashada wa kijiji. Yeye hakucheka. Aligusa tawi moja tu, majani yote yakamwagika kizingitini.

"Huu ni msonobari," alisema taratibu. "Hukaa juu ya kaburi majira yote ya baridi bila kupukutika, ndiyo maana tunausuka. Hili nililisuka Jumamosi kwa mikono yangu."

"Nani alilinunua?" nikauliza.

Akamtazama Mama.

Mama akaketi kwenye ngazi. "Nilidhani akiaibika atanyamaza. Wageni warudi."

Nilimchukia. Kwa dakika ile nilimchukia kabisa mama yangu mzazi.

Baba akachukua ufagio.

"Usifagie," Mama akamwambia huku akilia. "Acha waone. Na wageni wakipiga simu, nitaongea nao mwenyewe."

"Utawaambia nini?"

"Waldsterben."

Mwaka ule wageni hawakuja, tukala viazi mpaka tukavikinai.

Ndugu yangu, kuutaja ugonjwa si kuuleta. Mficha maradhi kilio humuumbua, hata kama anayeumwa ni mti.